Waya wa Kurudi

Naitrojeni ilikuwa imekwisha, na kosa lilikuwa langu.

Lita elfu mbili zilifika Mgungamoja siku ya Jumatatu kwenye lori la tangi, baada ya kuzisubiri miezi kumi na mmoja. Jumanne saa nne asubuhi zote zilikuwa zimeshapanda hewani, na sisi tumesimama kwenye ukungu mweupe unaofika magotini, tunatazamana. Mstari Mkuu wa umeme ungezimwa Alhamisi saa mbili asubuhi na kuwashwa saa sita mchana. Hizo saa nne ndizo tulizopewa kuunganisha chombo chetu. Zikipita, mstari hauzimwi tena mpaka ipite miaka minne. Lori jingine la naitrojeni lilikuwa mbali nasi kwa siku kumi na mbili.

Nieleze kosa lenyewe, maana sipendi mtu alisikie kwa mwingine. Mimi ni fundi wa kusuka mota. Shule niliiachia darasa la tano. Fundi wa mota akimaliza kusuka anapaka vanishi, na anapaka bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Koili isiyo na vanishi inatikisika, inajisugua, inaungua. Basi nilipomaliza kupanga mabamba ya kauri ya chombo chetu, arobaini na manane, nikayapaka vanishi mara mbili, nikayaanika. Hakuna aliyeniambia nipake. Hakuna aliyeniambia nisipake, kwa sababu hakuna aliyewahi kutengeneza kitu kile. Kwenye baridi vanishi ilisinyaa haraka kuliko bamba, ikaling'ang'ania, ikalipasua. Kipande cha bamba la kumi na tisa kikaruka kikatoboa ukuta wa ndani wa birika, lile tangi tunamozamisha mabamba kwenye naitrojeni. Utupu ulioko kati ya kuta mbili ukapotea, na birika likawa sufuria kama sufuria nyingine. Naitrojeni ikachemka kama uji. Dakika ishirini na tano, basi.

Siku ile yote nilikwangua vanishi kwa spiriti na msasa, bamba kwa bamba. Nililehemu tundu, nikavuta utupu upya. Niliondoa jozi moja, bamba lililopasuka na mwenzake, zikabaki ishirini na tatu. Kufikia Jumatano asubuhi chombo kilikuwa kizima kuliko mwanzo. Kilikosa kitu kimoja tu, na bila kitu hicho kilikuwa rundo la vigae.

*

Mstari Mkuu unatoka kwenye maporomoko ya magharibi mpaka miji ya pwani, kilomita elfu mbili. Umepita juu yetu miaka ishirini na tisa. Watu wamezaliwa chini yake, wameoa, wamezikwa, na hakuna aliyewasha hata taa moja kwa umeme wake.

Sababu si roho mbaya. Transfoma ya kawaida inataka mkondo geu, umeme unaokwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Mkondo ukicheza, sumaku yake inacheza, na sumaku inayocheza ndiyo inayoamsha umeme kwenye koili ya pili. Mstari Mkuu ni mkondo mnyoofu. Hauchezi. Upeleke kwenye transfoma, transfoma itaupokea kama jiwe linavyopokea salamu. Ili kuushusha, Shirika la Mstari hujenga ukumbi wenye ukubwa wa uwanja wa mpira, na ukumbi huo haujengwi kwa ajili ya mji wa watu elfu sita na mia nne.

Mabamba yangu yalitoka kwenye treni za kuelea, zile zilizokufa nikiwa kijana. Ni kauri nyeusi. Kwenye joto la kawaida haifai hata kuezekea banda la kuku. Izamishe kwenye naitrojeni, umeme unapita ndani yake bila kukinzwa na chochote. Ulazimishe mkondo uwe mkubwa zaidi, ndani yake vinazuka vifundo vya sumaku, vidogo, maelfu kwa maelfu, vinaanza kutembea kulikatiza bamba. Sasa weka bamba la pili karibu, pengo jembamba kuliko karatasi. Vifundo vya bamba la kwanza vinashikana na vya bamba la pili, kama safu mbili za watu walioshikana mikono kupitia matundu ya wavu. Safu moja ikitembea, nyingine inaburutwa. Na vifundo vikitembea, umeme unazaliwa. Mnyoofu unaingia, mnyoofu unatoka, waya haujagusa waya.

Hilo wasomi walilijua zamani. Walilijua kwa vipande vidogo kama ukucha, na mezani. Mimi nilichoongeza ni kimoja. Wao walikuwa wakitazama waya wa juu, wenye kilovolti mia nane. Mimi niliutazama waya wa kurudi, ule unaorudisha mkondo magharibi baada ya miji kula. Wakaniambia, Njoghomi, huo hauna kitu, msukumo wake umebaki pwani. Nikawaambia sitaki msukumo. Nataka mkondo, na mkondo uliokwenda sharti urudi. Amperi elfu tatu zinapita juu ya paa langu kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukate waya ule mahali pamoja, pitisha mkondo kwenye mabamba, unanyang'anya msukumo kidogo ambao pwani hawatauona hata kwenye vipimo vyao. Kwetu unatosha pampu, zahanati, na mashine ya kugandisha hewa.

Mashine hiyo tunayo. Inavuta hewa na kutoa naitrojeni, na ikishaanza inalisha birika miaka yote. Ila inataka umeme, na inataka siku tatu kabla ya kutoa lita ya kwanza. Baridi ya kuanzia lazima itoke kwingine.

Na baada ya Jumanne, Mgungamoja nzima ilibaki na sehemu moja tu yenye naitrojeni.

*

Kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe kiko upande wa minadani. Niliingia saa tatu asubuhi, Jumatano. Dakta Udabaida alikuwa anazungumza na wafugaji wanane uani, na kati yao alikuwepo mzee Gidamis, ambaye ni mtani wangu na hajawahi kuniacha nipite bure.

"Anakuja fundi wa ukungu," alisema. "Jana tuliona wingu Mgungamoja, tukatoa vyombo nje. Kumbe ni Njoghomi anapika hewa."

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Dakta, nimekuja kuomba naitrojeni yako."

"Kiasi gani?"

"Yote."

Hakucheka mtu tena. Udabaida ni mwanamke mrefu, mkimya, mikono imejaa makovu madogo meupe ya baridi. Kituoni kwake kuna mitungi sita, kila mmoja lita mia moja na sitini, na Jumatatu lori lilelile lilikuwa limeijaza pomoni. Ndani ya mitungi kulikuwa na mirija ya mbegu ya madume sitini na mmoja. Kila mtu hapa anajua madume hao. Ule Ukame wa Miaka Saba uliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Udabaida, akiwa msichana aliyetoka chuo juzi, alitembea kwa miguu kutafuta madume waliobaki wamesimama. Walikuwa wachache, wabaya wa sura, wembamba, na hawakufa. Akachukua mbegu zao. Madume wenyewe wamekufa siku nyingi. Waliobaki ni wale waliomo kwenye mirija.

"Tunakupa," alisema mfugaji mmoja, "mkishawasha mashine yenu mnaturudishia. Si ndiyo?"

"Naitrojeni nitarudisha," nilimwambia. "Mbegu sitarudisha. Mtungi ukikauka nusu siku, kilichomo kimekufa. Mashine inataka siku tatu."

"Kwa hiyo unataka kuua madume yetu."

"Ndiyo."

Gidamis alisimama. Fimbo yake aliishika katikati, na kwa mzee kama yeye hiyo si dalili nzuri. "Unasikia anavyosema? Hata aibu hana. Lita zako elfu mbili umezifanya nini wewe?"

"Nilipaka vanishi pasipostahili. Zimepotea kwa mkono wangu."

"Sasa tulipe sisi?"

"Sasa mlipe nyinyi, ndiyo. Mimi sina cha kulipa kinacholingana."

Udabaida alinigeukia. "Mzee Njoghomi, umefikiri unachoniomba? Ukame utarudi. Si kama utarudi, utarudi. Hii mirija ndiyo ng'ombe wa siku hiyo. Unataka nimwage ng'ombe wa kesho ili unywe leo."

Maneno niliyojipangia njiani niliyaacha.

"Kiangazi kilichopita lori la maji lilikosa siku tisa," nilisema. "Tulizika kumi na wanne. Wewe ulikuwepo, Dakta, ulichimba na sisi. Kisima chetu kina mita mia mbili na kumi, kimejaa, na pampu imekaa juu yake kama kuku anayeatamia jiwe. Wanaokufa siwezi kuwaambia wasubiri miaka minne. Wa ukame ujao siwajui, na labda wewe ndiye unayewaona vizuri kuliko mimi. Sisemi una makosa. Nasema nachagua hawa. Lakini mtungi ni wako, nikishindwa kukushawishi naondoka."

Ng'ombe mmoja akakohoa bandani.

"Nyie mnasemaje?" Udabaida aliwauliza wafugaji.

Waliongea kwa lugha yao, mimi sikuelewa, na haikuwa kazi yangu kuelewa. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mmoja aliondoka kwa hasira, akarudi. Muda wote ule Gidamis alichorachora chini kwa ncha ya fimbo. Mwishoni ndiye aliyezungumza, na alizungumza Kiswahili ili nisikie.

"Mjukuu wangu ni mmoja wa wale kumi na wanne," alisema. "Na dume langu, Mkwe Mgumu, ni mmoja wa hao sitini na mmoja. Nimewaweka wote wawili hapa chini, nimewatazama. Toa, Dakta."

Udabaida alifuta macho kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayefukuza inzi.

"Nina masharti mawili," aliniambia. "La kwanza. Nina kimtungi cha mkononi, cha lita tatu. Nitaweka humo madume watatu, mirija thelathini kila mmoja. Hicho hutakiomba. Likitokea lolote, hutakiomba."

"Sitakiomba."

"La pili. Unaujua utaratibu wa kituo changu?"

Kila mtu anaujua. Mrija hautoki kituoni kwake bila jina la dume kusomwa kwa sauti kutoka kwenye daftari, na mtu wa pili kujibu "Katoka". Aliuweka ili watu wasichanganye mbegu. Miaka ishirini na tatu hajaruka jina hata moja.

"Majina hamsini na manane," alisema. "Mtungi haufunguliwi mpaka majina yaliyomo yasomwe yote. Na msomaji ni wewe."

"Dakta, mimi kusoma kwangu..."

"Najua kusoma kwako. Utasoma."

*

Alhamisi saa mbili kamili Mstari Mkuu ulinyamaza. Watu wa mjini walikuwa wamezoea mlio wake kiasi kwamba walipoukosa walitoka nje kutazama kumetokea nini.

Shirika lilimleta Injinia Rwekaza, kijana nadhifu mwenye kofia ngumu ya bluu. Alikuwa mtu wa haki, ila alipewa agizo, na alinisomea mara mbili. Saa sita mchana mstari unawaka. Saa sita kasorobo anapima. Bamba hata moja likiwa na joto, anafunga swichi ya pembeni, mkondo unapita nje ya chombo, na sisi tunasubiri miaka minne. Miji ya pwani ina watu milioni ishirini. Hawezi kuwawekea dau kwa ajili ya birika la mzee mmoja.

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo," nilimwambia.

Mafundi wake walikata waya wa kurudi, wakashusha ncha mbili mpaka kwenye shimo letu, lilimo birika. Kufunga viungo kulichukua saa mbili kasoro dakika tano. Hatukuweza kujaza birika kabla, kwa sababu lita tulizokuwa nazo zilitosha kupoza mara moja na kubaki na akiba ndogo. Tungejaza birika likiwa bado wazi, zingechemka kabla ya saa sita; likishafungwa zinadumu siku tatu, mpaka mashine itoe zake.

Saa nne, mitungi sita ilikuwa imepangwa kwenye ukingo wa shimo. Wafugaji walikuja kama mia mbili, na mji mzima nyuma yao. Udabaida alikaa kwenye kigoda, kimtungi chake mapajani, akanipa daftari.

Nilisoma.

Nasema ukweli, nilisoma kama mtu anayetembea kwenye changarawe bila viatu. Maandishi yake ni madogo. Jua linamulika karatasi. Nikiweka kidole kwenye mstari, jasho linafuta.

"Mla... Mlala Wima," nilisoma.

"Katoka," akajibu Gidamis. Yeye ndiye waliyemchagua ajibu.

"Jiwe la Chumvi."

"Katoka."

"Bila Kamba. Wa... wa Gehan... Gehandu?"

"Gehandu! Katoka. Endelea, mtani, ng'ombe wenyewe walikuwa wakitembea kasi kuliko wewe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kusoma kukawa rahisi kidogo. Majina kumi na moja, mtungi wa kwanza ukafunguliwa. Udabaida mwenyewe alichomoa vikapu vya mirija akaviweka juu ya turubai, kwenye jua. Mirija midogo, ya kijani na njano na pinki, kama vijiti vya kuchezea watoto. Moshi wake ukaisha hapohapo. Kisha tukaingiza naitrojeni birikani, na birika likapiga kelele, likatoa wingu, likameza.

Mtungi wa pili. Wa tatu. Rwekaza alikuwa anatazama saa.

"Mzee, saa tano kamili. Kwa mwendo huu hutamaliza. Si mmwage tu, majina mtasoma baadaye?"

"Hapana."

"Ni majina ya ng'ombe!"

"Injinia," nilimwambia, "juzi niliruka kufikiri kwa sababu ya mazoea, nikamwaga lita elfu mbili. Leo siruki kitu."

Katika mtungi wa tano nilifika kwenye jina nililolijua. Hilo nililisoma bila kukwama.

"Mkwe Mgumu."

Gidamis hakujibu. Watu mia mbili wakangoja. Nilisikia naitrojeni ikichemka nyuma yangu, kila tone likienda. Sikumhimiza. Mzee alitazama mlima, akatazama chini, akapiga fimbo mara moja ardhini.

"Katoka."

Mtungi wa sita ulikwisha saa tano na dakika thelathini na nne. Birika lilikuwa limejaa mpaka alama, na juu yake vidole vitatu vya akiba. Vipimo vya jozi zote ishirini na tatu vilishuka, kimoja baada ya kingine, vikasimama. Ukinzani sifuri. Rwekaza alikigonga kipimo kwa kucha kama mtu asiyeamini saa yake.

Ndipo nikaona kina cha naitrojeni birikani kinashuka.

Nilijua mahali. Kiungo cha chini cha bomba la kujazia, nilipofungua na kufunga Jumanne kwa haraka. Gasketi, ule mpira wa kuzibia kiungo, ilikuwa imekakamaa kwa baridi, na naitrojeni ilikuwa inachirizika kwa mstari mwembamba, unageuka moshi kabla ya kufika chini. Akiba ya vidole vitatu ikawa viwili. Kwa mwendo ule, bamba la juu lingekaa wazi kabla ya saa sita.

"Lita tatu," alisema Rwekaza. "Mngeongeza lita tatu tu mngefika." Akageuka akaona kimtungi mapajani mwa Udabaida. "Si hicho hapo?"

Watu wote wakakitazama. Udabaida akakishika kwa mikono miwili. Alinitazama mimi, hakumtazama injinia. Hakusema hapana. Nadhani kama ningemwomba angetoa, na ndiyo sababu aliniwekea sharti.

"Hicho hakipo," nilisema. "Niletewe kitambaa. Na maji."

Maji yaliyokuwepo ni nusu ndoo ya mama mmoja aliyekuwa mbele. Alinipa bila kuuliza. Nililowanisha shati langu, nikashuka shimoni, nikalizungushia kwenye kiungo, nikakaza. Mafundi wa zamani wanaijua hila hii. Kitambaa kilicholowa kikigusa baridi ile kinaganda kuwa jiwe, na barafu inaziba mahali ambapo gasketi imeshindwa. Shida ni kwamba mtu lazima akibane mpaka kigande, na glavu zangu nzito zilikuwa juu, kando ya mitungi. Kuzifuata ni dakika mbili. Sikuwa nazo.

Nikabana. Mwanzoni inauma kama moto, nikatukana sana, na wazee wanisamehe. Halafu haiumi. Kutokuuma ndiko kubaya. Niliendelea kumwaga maji kwa mkono wa kulia na kubana kwa wa kushoto, mpaka mchirizi ukawa tone, tone likawa moshi, moshi ukaisha.

"Imeziba!" Rwekaza alipiga kelele kutoka juu. "Mzee, imeziba! Toa mkono!"

"Hautoki," nikamwambia.

Gidamis alishuka shimoni na miaka yake sabini na kitu, akamwaga maji yaliyobaki ndoani juu ya mkono wangu, akaukwanyua. Kilichobaki kwenye shati hakikuwa shati tu.

"Mtani," alisema akiwa ameninyanyua kwapani, "wewe ni mjinga wa hali ya juu."

"Panda juu, wanawasha."

Saa sita kasorobo Rwekaza alipima. Alipima jozi zote, akarudia zote. Kofia yake aliivua, akapangusa uso. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi ya pembeni. Kisha akautoa, akaurudisha mfukoni, akaongea kwenye redio.

"Mgungamoja tayari. Washeni."

Mlio wa Mstari Mkuu ulirudi taratibu, kutoka magharibi, kama mvua inayokuja kwenye mabati ya jirani kabla ya kufika kwako. Mkondo ulipanda. Amperi mia tano. Elfu. Elfu mbili. Mabamba hayakufanya kitu, mkondo ulipita ndani yake kimya. Ulipofika elfu mbili na mia sita, sindano ya upande wetu ikatikisika. Vifundo vilikuwa vimeanza kutembea. Elfu tatu, na sindano ikapanda, ikapanda, ikasimama palepale nilipoichorea mstari kwa kalamu miaka sita iliyopita, nikiwa na bamba moja na kichaa.

Rwekaza aliinama kuisoma. "Mnyoofu unaingia," alisema polepole, "mnyoofu unatoka."

"Pwani wameona chochote?"

Akauliza redioni. Akasikiliza. Akaanza kutabasamu. "Wanauliza kama tayari tumeshaunganisha."

Pampu iliwashwa saa sita na dakika arobaini. Mota yake niliisuka mwenyewe, hiyo ina vanishi na ilistahili. Ilinguruma juu ya mita mia mbili na kumi za bomba kavu, na tukasikiliza hewa ikitoka kwenye koki, ikikohoa, ikitema kutu. Dakika tisa. Kisha koki ikatapika tope, halafu maji mekundu, halafu maji.

Sitaeleza kelele. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Watu wazima walikaa kwenye tope na nguo za heshima. Yule mama wa nusu ndoo nilimwita mbele ya wote, nikamjazia yake ya kwanza, kwa mkono wa kulia. Gidamis aliwaswaga ng'ombe wake saba mpaka kwenye birika la kunyweshea, wakanywa, akasimama katikati yao akiwagusa migongo, anawatajia majina.

Udabaida alikuja mwishoni. Alikuwa amekunja turubai na mirija yake ndani, imeshapata joto, haina kazi tena. Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akanitazama mkono uliofungwa kanga.

"Hukukiomba," alisema.

"Si tulikubaliana?"

"Watu huwa wanakubaliana." Akaweka kimtungi chini kati yetu. "Mashine yako inatoa lita ya kwanza lini?"

"Jumapili."

"Ya kwanza ni yangu."

"Ya kwanza ni yako, Dakta."

Ilikuwa yake. Na tangu siku ile birika halijakauka, wala kisima, na kiangazi kilichofuata hatukumzika mtu kwa kiu. Miji mitatu mingine iliyoko chini ya mstari imeniita, nimekwenda, nimewajengea. Kwenye kila birika naandika kwa rangi nyeupe: USIPAKE VANISHI.

Gharama yake ni hii. Bamba moja na mwenzake. Naitrojeni lita elfu mbili kwa uzembe wangu, na mia tisa na sitini kwa ruhusa ya wenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete, ambavyo daktari alivikata Jumamosi. Mirija elfu nne mia mbili ishirini na miwili. Madume hamsini na wanane, na majina yao yote ninayo, nimeyanakili kwa mkono wangu, kurasa tatu.

Wamebaki watatu.